Neno Moja kwa Aliyeenda na Aliyebaki

Kò, kò. Halafu kwaaaru.

Unifunge macho, unipeleke popote, unipigie sauti hiyo tu, nami nitakuambia: hapa ni jikoni kwa mukaka, mama ya mama yangu, Butembo, saa ile ukungu unashuka kwenye mikalitusi na moshi wa kila parsele, kila kiwanja chenye nyumba zake, unapanda kuupokea. Kò, kò ni mwiko unaogongwa kwenye mdomo wa chungu ili ugali ulioung'ang'ania uanguke. Kwaaaru ni mwiko uleule ukirudi ndani, ukikwangua ubavu wa chungu, ukitoa fungu dogo la mwisho. Saa hiyo sisi tulikuwa tumekwisha kupakuliwa. Fungu hilo halikuwa letu.

Sauti hiyo ilinirudia juma hili, hapa Beni, kwa sababu ya simu. Simu yangu ilitoka Kasindi, mpakani na Uganda, na inasema Kiingereza tu. Nimejaribu kuigeuza iseme Kifaransa, imekataa, nami nimeizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mwenye kiburi. Basi nilikuwa kwenye cherehani, ninashona mkono wa blauzi ya mama mmoja asiyependa kungoja, simu ikatetemeka mezani. Kilikuwa kile kikundi chetu cha watu waliokaa zamani katika parsele moja, tunatumiana salamu za Noeli na picha za watoto. Safari hii hapakuwa na picha. Kulikuwa na jina la jirani yetu wa zamani, na baada ya jina neno moja tu: left.

Ametoka. Hakuaga, hakuandika kitu. Labda amebadilisha namba, labda kidole kimeteleza, sijui. Mama wa blauzi akaniuliza, "Kuko nini, mwanangu? Umekufa ganzi." Nikamwambia hakuna kitu, nikaendelea na mkono wa blauzi. Mais lakini kitu kilikuwepo. Neno lile, ni jirani huyohuyo aliyenifundisha, tukiwa tumekaa juu ya mkeka, mikono yetu imejaa maganda ya maharagwe. Sasa limekuja kukaa nyuma ya jina lake mwenyewe.

Ngoja nikuhadithie, kwa sababu ukilijua neno hilo bila kuijua parsele yetu, hujajua kitu.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na mukaka, na mama alikuwa wa tatu kwa zamu. Mama alikuwa anafanya biashara ya vitenge. Alishuka mpaka Kasindi, akavuka mpaka, akanunua, akarudi na mzigo uliofungwa kama mtoto mchanga, na harufu ya nguo mpya ikajaa chumba mpaka tukasahau harufu ya moshi. Baba yangu alikuwa Lubero na nyumba nyingine. Huyo tumwache huko na viazi vyake. Mama alizoea kukaa juma moja njiani, au moja na kidogo. Kisha kukaja ile safari ambayo juma lilipita, likaja lingine, na mwezi wote ukaisha. Ukipiga simu yake, anajibu yule mwanamke wa mtandao, anakwambia kwa Kifaransa kizuri kwamba mtu huyo hapatikani kwa sasa. Nilimchukia sana mwanamke yule. Niliona anajua mama yuko wapi, anatuficha tu.

Mukaka hakulia mbele yangu. Yeye alipika. Kila magharibi alisonga obundu, ugali wetu wa muhogo, mzito, unaovutika kidogo ukiukata. Tulikula na sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa mafuta mekundu ya ngazi, yale ya mawese, au mchicha wetu wa lengalenga, au maharagwe. Siku ya furaha, ndakala, dagaa zilizokaushwa, vichwa na vyote. Kò, kò, ananipakulia mimi, anajipakulia yeye. Halafu kwaaaru: fungu la mama. Alilitia katika sahani ya mama, ile ya bati yenye ua jekundu, akamwagia mchuzi pembeni, akafunika na sahani nyingine, akaiweka juu ya kibao ambako paka hafiki.

Asubuhi mtu wa nyumba hakuruhusiwa kuligusa. Kazi yangu ilikuwa kulipasha moto kwenye makaa yaliyobaki, kulipeleka kando ya barabara, na kumpa mtu wa kwanza mwenye vumbi la safari miguuni. Siku nyingine alikuwa mama wa vitunguu kutoka vijijini. Siku nyingine walikuwa watu waliokimbia vita upande wa Mbau, na godoro kichwani, na mbuzi asiyejua anakwenda wapi. Mara nyingi alikuwa mzee mmoja wa chukudu, aliyesukuma viazi juu ya ile baiskeli yetu ya mbao, na ambaye nafikiri alijifunza kupita saa ileile. Mukaka alinieleza mara moja tu, akichambua mboga: "Huyu anakula ya kwetu. Kule mama yako eko, kuko mutu anamupatia ya kwao. Njo vile chakula kinatembeaka."

Mimi nilipenda kazi hiyo kwa sababu ya maswali. Mtu akiwa na tonge mdomoni hawezi kukimbia. Nilikuwa ninamuuliza: umetoka wapi, huko kuna mvua, umeona mama mmoja mrefu, amebeba vitenge, ana pengo hapa mbele? Wote walitikisa kichwa wakitafuna. Mzee wa chukudu peke yake alijibu kila mara kama vile ni swali jipya: "Leo hapana, mwanangu. Kesho nitaangalia muzuri."

Sasa jirani. Alikuwa bado kijana, alikulia Kasese kwa shangazi yake, ng'ambo ya mpaka, Uganda, akarudi kwetu kuolewa na seremala aliyepanga chumba cha pili katika parsele. Kiingereza kilikuwa kinamwasha mdomoni kwa sababu hakuwa na mtu wa kukisema naye. Kwa hiyo alitupatia sisi watoto wa hapo, bure kabisa, kwa sharti moja. "Mikono kwa maharagi, masikio kwangu," alisema. Tukakaa, tukapukuchua, ganda likavunjika taa, taa, taa, na maneno yakaingia katikati ya maganda. Mimi nilikuwa ninayabeba mpaka kitandani. Nilikuwa tayari nimeamua kwamba nitakuwa mshonaji wa nguo za maharusi na duka langu litaandikwa lugha tatu. Duka bado. Lugha ya tatu, ndiyo hiyo ilikuwa inaanza.

Siku ya neno lile alichota maharagwe, akayatandaza juu ya lungo, ungo wetu wa kupepetea. Akachukua machache, akayatia katika mfuko wa nguo yake.

"Hizi zilienda," akasema. "Kwa Kiingereza: left."

Tukasema wote: left.

Akaonyesha yale yaliyokuwa juu ya lungo. "Na hizi? Hizi zilibakia. Kwa Kiingereza: left."

Tukasema wote. Mimi nilidhani amekosea. Nikamwomba arudie, akarudia vilevile, anacheka.

"Sasa," nikamuuliza, "Mwingereza akisema hivyo, mwenzake anajua namna gani kama maharagi yako mu mufuko ao yako ku lungo?"

"Anaangaliaka lungo," jirani akasema. "Neno pekee yake halitoshake. Unaangalia lungo."

Wewe labda ungeendelea kupukuchua. Mimi sikuweza. Neno moja lilikuwa linasema mtu ameenda, na neno hilohilo linasema kitu kimebaki, na mimi nilikuwa na mtu aliyeenda ambaye sahani yake ilibaki juu ya kibao kila jioni. Niliona kama Waingereza walitengeneza neno hilo makusudi kwa ajili ya nyumba yetu. Nilitaka kujua lina siri gani. Jirani, alipoona ninavyomfuata kila mahali, aliniongezea lingine: kwamba wana neno la vumbi, dust, na neno hilo ni kupangusa vumbi kwenye meza, na ni hilohilo kunyunyizia unga juu ya mkate. Hilo halikunishika. Kwetu Butembo, miezi ya jua, unapangusa meza asubuhi, barabara inakunyunyizia tena kabla hujaweka kitambaa chini. Niliona ni kazi moja.

Nilimpelekea mwalimu wangu ile left. Alikuwa mtu mpole, koti la kaki, chaki kwenye kila mfuko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kiingereza hapana kazi yangu, mimi ni wa Kifaransa. Mais kwa Kifaransa tuko na hôte. Mwenye nyumba anayepokea mugeni, ni hôte. Na mugeni mwenyewe, ni hôte. Donc mutu akikwambia hôte amefika, hujue kama utoe kiti ao ukalie kiti." Akacheka peke yake, akanigusa kichwa na mkono wa chaki, akaniambia niende kucheza. Nilirudi nyumbani na kichwa cheupe na swali limekuwa mawili.

Nikamuuliza mukaka, ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa neno la kukaribisha wateja wa Uganda kwenye meza yake ya vitunguu sokoni. Alikuwa anamenya muhogo. Hakushangaa hata kidogo.

"Weye mwenyewe unasemaka nini?" akaniuliza. "Asubui nikikusukula uso: mukaka, niache. Magaribi nikikula samaki: mukaka, niachie. Mutoto ni ule ule, mudomo ni ule ule." Akanirushia kipande cha muhogo mbichi. "Batoto banapenda byote. Niache, niachie."

Nilitafuna muhogo wangu nikifikiri. Mama aliniacha. Mama aliniachia. Aliniachia nini? Sahani ya ua jekundu, na kazi ya kuipeleka barabarani.

Kwenye chemchemi kila mwanamke alikuwa na neno lake. Wakati bidon za maji zinajaa, mmoja alisema, bila kujali kwamba niko pale, "Ule mama yake alisha kupata Muganda. Muko munangojea nini?" Mwingine akasema, "Atarudi na gari, mutaona." Wa tatu akafunga bidon yake na kipande cha ndizi, akasema polepole, "Ao hatarudi." Nilipandisha mlima na maji yangu bila kuyamwaga, nikijisemea kwamba wanawake hao hawajui kitu, hawajaangalia lungo. Lungo letu lilikuwa kile chungu. Kama jioni nikisikia kwaaaru, mama yupo. Nilijiwekea sheria hiyo mwenyewe, na ilinisaidia kulala.

Kwa hiyo utanielewa juu ya ile jioni.

Mvua ilikuwa imenyesha, jikoni kulikuwa na harufu ya ubichi na moshi. Mukaka alirudi kutoka sokoni amechelewa kidogo, akasonga obundu anaimba kwa pua wimbo wa kanisani. Nilikuwa nimekaa juu ya kigoda changu, sahani mapajani. Kò, kò. Akanipakulia. Akajipakulia. Obundu wote ulitoka, na donge langu lilikuwa kubwa kuliko kawaida. Akamimina maji ndani ya chungu ili ukoko ulainike, akakisukuma pembeni na mguu, akanawa mikono.

Nilingoja. Maji yalikuwa yanalia kidogo ndani ya chungu cha moto. Ile sahani ya ua jekundu ilikuwa imeinamishwa ukutani, kavu.

"Kula," mukaka akasema.

Nilikata tonge, nikalizungusha vidoleni mpaka likawa baridi. Sikumuuliza. Kuna maswali ambayo mtoto hayaulizi kwa sababu anaogopa kwamba mtu mkubwa atayajibu. Yeye alikula vizuri, akaimba tena kidogo, na uimbaji wake ndio ulioniumiza zaidi. Nilifikiri: ndivyo watu wakubwa wanavyofanya mtu akifa, wanaimba kwa pua ili mtoto asijue.

Asubuhi mukaka alikuwa amekwisha kutoka kwenda sokoni. Kwenye kibao hapakuwa na kitu. Mimi nilikwenda barabarani hivyohivyo, kwa mazoea ya miguu, mikono mitupu. Mzee wa chukudu akatokea ndani ya ukungu, akafunga breki na kisigino, akaniangalia mikono.

"Leo hamuna, mwanangu?"

"Hatuna tena," nikamwambia. "Mukaka hakumubakisia. Mama hayuko tena."

Mzee alivua kofia yake. Aliegemeza viazi vyake kwenye mkalitusi, akateremka upande wa chemchemi, taratibu, kofia mkononi.

Kwetu habari ya msiba haihitaji miguu mingi. Kabla jua halijapasua ukungu, wanawake wa chemchemi walikuwa wamefika. Walileta kuni, walileta unga ndani ya vitambaa, mmoja alileta mafuta kwenye chupa. Walitandika mikeka mbele ya nyumba yetu, wakavua viatu, wakawasha moto mkubwa wa kilio. Yule aliyesema mama amepata Muganda ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote. Jirani alinikalisha kati ya magoti yake, akanifunika na kitenge chake, nikasikia moyo wake unapiga mgongoni kwangu. Seremala mume wake aliacha kazi, akapanga mabenchi yake kwa ajili ya wanaume. Mzee wa chukudu alikaa benchi la mwisho. Mimi sikulia. Nilikuwa ninaangalia chungu, ambacho kilikuwa bado pembeni, na maji yake yameganda weupe juu.

Mukaka alitokea kwenye kona ya parsele na kuku mzima mkononi, miguu yake imefungwa na kamba, kichwa chini, anaangalia dunia kinyume.

Kilio kikakatika. Kuku peke yake aliendelea.

"Nani alikufa kwangu?" mukaka akauliza.

Wanawake waliangaliana. Yule wa sauti kubwa alifuta pua, akasema kwa upole, "Pole, mama. Tulisikia. Mungu njo anajua."

"Mulisikia nini?"

Mmoja akaangalia mwingine, mpaka macho yote yakafika kwa mzee wa chukudu, na mzee akaniangalia mimi. "Mutoto njo alisema," akasema.

Mukaka akasimama mbele yangu. Nilimwona mkubwa kama mlima, na kuku akining'inia karibu na uso wangu.

"Weye ulisikia wapi?"

"Mu chungu," nikajibu.

Nakwambia, sijaona tena mtu mkubwa anayebadilika uso namna ile. Kwanza hakuelewa. Kisha akageuka kukiangalia chungu, akaiangalia sahani ya ua jekundu ukutani, akaniangalia mimi. Akakaa chini palepale kwenye mkeka wa kilio, na kuku wake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, mpaka yule wa sauti kubwa akadhani ni uchungu umempanda kichwani, akaomba maji yaletwe.

"Eko Mutwanga," mukaka akasema alipopata pumzi. "Mama yake eko Mutwanga, upande ya Kasindi. Jana dereva wa pikapu alikuya ku meza yangu. Moto, ile pikipiki, iliwaangusha mu matope, muguu ilivunjika, simu ilipotea mule mule. Bibi ya pasta alimuchukua kwake, anamufunga muguu, anamulisha. Anakula muzuri, dereva alisema, alisha nona." Akanishika kidevu. "Sasa mutu mwenye tunajua kwenye anakula, tunamubakisia ya nini tena? Njo kumutukana ule mwenye kumulisha. Ni kusema kwake haashibe. Nilizani unajua, mutoto wangu. Jana nilikuwa nakupigia chungu kama ngoma ya arusi."

Sikujua. Hakuna aliyeniambia. Mimi nilikuwa nimeangalia lungo, kama jirani alivyonifundisha, na lungo lilikuwa linanionyesha jambo ambalo kwa mukaka lilikuwa furaha na kwangu lilikuwa kaburi. Kimya kilekile, katika jiko lilelile. Ndipo nikalia, sasa, wakati hapakuwa tena na sababu, na jirani akanikaza magotini mwake akicheka na kulia pamoja.

Wanawake walianza kutafuta viatu vyao. "Miye nilikuya kulia," akasema yule wa sauti kubwa, amekasirika kidogo. "Nirudi hivi hivi?"

"Lilia moshi," mukaka akamwambia. "Na unga yako hairudi. Tunapika."

Wakapika. Kuku alikuwa amenunuliwa kwa ajili ya siku mama atakayorudi, mais watu walikuwa wengi na moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Unga wa msiba ukawa obundu mkubwa ambao wanawake wawili waliusonga kwa zamu. Mzee wa chukudu alipewa paja. Alikula bila haraka, akaniita. "Nilikuambia nitaangalia muzuri," akasema.

Mama alirudi wakati maharagwe ya msimu ule yalikuwa yamekwisha kukauka. Alishuka kwenye pikipiki jioni, na fimbo, na mguu mmoja umekuwa mwembamba kuliko mwingine, na pengo lake lilelile. Nilimrukia nusura nimwangushe tena. Alipokaa na kupumua, akauliza chakula kiko wapi. Tukaangaliana mimi na mukaka. Tulikuwa tumekwisha kula.

"Hamukunibakisia?" mama akasema. "Miezi yote hii niko mu kitanda ya watu, najiambia, kwetu kuko sahani yangu na flere yake nyekundu. Nafika, hata tonge?"

"Tuliambiwa unakula," mukaka akajibu, bila aibu.

Basi mama alivuta chungu, akakwangua ukoko wa chini kwa vidole, akautafuna ukilia kama mchanga, akicheka na kulalamika. Na kwenye chemchemi, kwa muda mrefu, wanawake walimwita Marehemu. "Marehemu, pisha bidon yangu." "Marehemu, kitenge kile unauza?" Naye alikuwa anaitika.

Nilimpelekea jirani hesabu yangu yote, siku iliyofuata, juu ya mkeka. Nilimwambia neno lake ni la kweli, mais hata lungo si rahisi, lazima umuulize mwenye lungo. Alifikiri kidogo, akavunja ganda, taa. Akasema kule Kasese, shangazi yake alipobaki, hakuna mtu anayemwekea yeye aliyeondoka sahani. Huko hawana desturi hiyo. Alisema akitabasamu. Mimi nilikuwa mtoto, nikaona ametabasamu, nikaendelea kupukuchua.

Mambo mengi ya pale hayapo tena. Mukaka tulimzika juu ya kilima, upande unaopata jua la kwanza, na siku ile hapakuwa na wa kucheka katikati ya kilio, ingawa mimi niliangalia kona ya parsele mara nyingi kuliko ilivyofaa. Parsele iliuzwa; sasa kuna nyumba ya ghorofa yenye vioo vya buluu, na chini wanauza simu. Ile chemchemi imefungiwa bomba, na bomba halina watu wa kukaa karibu yake na kusema ubaya wa wengine. Mzee wa chukudu sijui alipotelea barabara gani. Mama anauza vitenge vyake palepale Butembo, hasafiri tena, ananipigia kila Jumapili kuniuliza kama nimekula, na sasa nimejua kwamba hilo si swali dogo. Shule yangu haikwenda mbali, cherehani ilinichukua mapema. Kiingereza changu kimebaki kilekile cha maharagwe, maneno ya kujaza mkono mmoja, na bado ninayapenda yote. Duka litakuja. Mbao za kuandikia jina nimekwisha kuziangalia.

Jirani na seremala wake walihama, kwanza Oicha, kisha wakasema watavuka mpaka. Alikuwa bado anatuma salamu kwenye kikundi, sauti tupu, dakika nzima za kicheko. Mpaka juma hili.

Nilimpigia. Alijibu yule mwanamke wa mtandao. Amezeeka kidogo sauti, mais ni yeye.

Jioni nilifunga cherehani, nikarudi chumbani kwangu. Beni hakuna ukungu wa kwetu, jioni ni joto, na mimi hupika nje ya mlango, kwenye makaa. Nilichemsha maji, nikasonga obundu wa mtu mmoja, ambao ni kazi ya dakika chache. Watu wa parsele walikuwa bado hawajarudi. Niligonga mwiko kwenye mdomo wa sufuria, kò, kò, nikajipakulia. Sufuria ya siku hizi ni nyembamba, haina sauti ya chungu. Hata hivyo nilirudisha mwiko ndani, nikakwangua ubavu mmoja polepole, mpaka nikausikia ule mlio. Nikalitia fungu lile katika sahani, nikamwaga mchuzi pembeni, nikafunika, nikaliweka juu ya kabati ambako paka hafiki, kwa sababu sijui jirani yangu amekula wapi leo.